Si Upo Tu, Mwalimu?

Mwanangu wa kwanza alianza kufanyiwa mtihani kabla hajatimiza miaka minne. Mtu anakuja kwetu Isevya, hapa Tabora mjini, kuazima ungo, anamkuta mtoto anacheza, basi anaokota chochote chenye maandishi. Inaweza kuwa karatasi ya gazeti iliyofungiwa maandazi, au kifuniko cha soda, au anainyoosha fulana ya kampeni aliyoivaa mwenyewe kifuani. "Haya, mtoto wa mwalimu, hapa pameandikwaje?" Mtoto anatazama, anacheka, anarudi kwenye mchanga wake. Mgeni ananigeukia mimi. Hasemi kitu, lakini usoni pake nasoma vizuri tu: sasa wewe humu ndani unashinda ukifanya nini?

Fundi seremala haombwi mwanawe wa miaka minne aonyeshe kiti alichokiunga. Mama anayeuza vitenge haulizwi kama bintiye anajua kupima yadi. Ila mtoto wa mwalimu huwekwa mezani kama bidhaa ya maonyesho ya Nanenane, na kama huyo mwalimu ameacha kazi akakaa nyumbani kulea, ndiyo hatari zaidi. Watu wanataka waone ule mshahara alioutupa umegeuka kuwa nini.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ngazi ya cheti, na shule yangu ilikuwa kijiji cha ndani huko Sikonge, kwenye tumbaku na asali. Darasa la kwanza langu lilikuwa na watoto zaidi ya 100, na msimu wa tumbaku ukishika, wengi huwaoni, wako kwenye mabani ya kukaushia tumbaku na wazazi wao. Mume wangu ni mtu wa reli, kituo chake Tabora mjini. Na uhamisho wetu walimu unajulikana: tafuta mwenzako wa kubadilishana naye. Nani atoke mjini kwa hiari yake aje anakotafuta mtandao kwa kupanda kichuguu? Niliomba, nikaomba tena, ofisi ikanijibu mara moja kwamba barua imepokelewa.

Likizo ya uzazi ni siku 84 kwa mtoto mmoja, 100 kwa mapacha. Kliniki wanakwambia mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi afikishe miezi 6. Hesabu hizo mbili hazikutani popote. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku za kwenda kumnyonyesha mwanawe, na mwalimu mkuu wangu, namshukuru, hakuwahi kuninyima. Tatizo ni kwamba nikitoka mimi, wale 100 wanabaki na nani? Mtoto wa kwanza tulipita naye hivyo hivyo, dada wa kazi akimleta hadi chini ya mwembe nje ya darasa. Kwa mtoto wa pili dada aliondoka katikati ya muhula, mtoto akashikwa na nimonia, tukalazwa hospitali ya Kitete. Mwaka 2021 nikaandika barua ya kuacha kazi.

Mama yangu nilipompigia simu kumpa habari alinyamaza, nikadhani salio limekatika. Kisha akauliza swali moja: "Na kadi?"

Alikuwa anasema kadi ya bima ya afya. Kwa asiyejua, mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, na kadi inawabeba watu sita: mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne, wakiwemo wazazi. Kadi yangu ndiyo iliyowabeba baba na mama. Mama ana sukari, baba ana presha. Kadi ya mume wangu ilikuwa imembeba yeye, watoto wetu wawili na wazazi wake. Nilipoingia mimi, nafasi sita zikawa zimejaa. Kwa hiyo barua yangu ya kurasa moja na nusu, niliyodhani inahusu mimi na wanangu, iliwavua bima wazee wawili.

Ukafanyika kikao cha familia. Nilikaa kwenye mkeka nikitazama vidole vyangu wakati wakubwa wakijadili ni mzee gani mgonjwa kuliko mwenzake. Baba mkwe, mkulima wa Uyui asiyependa maneno mengi, ndiye aliyekata mzizi wa fitina: "Mimi sijalala hospitali tangu vita vya Kagera. Nitoeni mimi, aingie mama yake huyu binti." Wakajaza fomu, wakagonga mihuri, ikawa hivyo. Baba yangu akabaki analipia dawa zake mfukoni. Na baba mkwe, kama ilivyo dunia, baada ya muda mgongo ukaanza kumsumbua. Hajawahi kunilaumu hata kwa jicho. Ila kila nikisikia amekwenda zahanati na pesa taslimu, najua ni nafasi ya nani aliyoitoa.

Nayasimulia haya kwa sababu mazungumzo kuhusu mama aliyeacha kazi huwa yanakwenda moja kwa moja kwenye hisia zake: amechoka, amejisahau, amekuwa mpweke. Hayo yapo. Lakini huku kwetu ajira ya serikali si ya mtu mmoja. Imewekwa msingi wa nyumba mbili tatu, na ukiiacha unabomoa ukuta ambao wengine wameuegemea. Nao wana haki ya kuuliza. Halafu foleni ya wanaoitaka hiyo ajira kila mtu anaijua. Usaili wa walimu ulipofanyika Januari 2025, waombaji walikuwa zaidi ya 200,000 na nafasi hazikufika 15,000. Mjomba wangu alinipigia siku zile zile, eti kunisalimia tu. Akaniambia jirani yake ana kijana wa digrii ya ualimu anaendesha bodaboda. Akakaa kimya ili hilo neno linikolee.

Kundi la WhatsApp la walimu wenzangu sikutoka, na sijui kama ni ujasiri au ni kujitesa. Mei 2022 kima cha chini cha mshahara serikalini kilipotangazwa kupanda kwa asilimia 23.3, waliniandikia: "Mwenzetu, ungevumilia kidogo." Mei Mosi ya 2025 kikatangazwa kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, asilimia 35.1, simu yangu ikalia mpaka ikaisha chaji. Sikuwajibu kwamba asilimia hiyo ni ya kima cha chini na wao hawapo huko. Wanajua. Utani wa walimu una chumvi yake, na mimi mwenyewe nilipokuwa kazini niliwahi kumtania mwalimu aliyeacha kazi akafungue duka la dawa.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. "Si upo tu, mwalimu?"

Huanza kwa adabu. Mama wa nyumba ya tatu anapita jioni na mwanawe wa darasa la pili. "Shikamoo mwalimu. Huyu hesabu za kutoa zinamshinda. Si upo tu, mtazamie kidogo." Unamtazamia, kwa sababu kumwona mtoto anakopa kumi kwenye kutoa halafu anasahau kuwa alikopa, na wewe unajua dawa yake, ni kama kuona sufuria inafurika ukae usifunue mfuniko. Kesho anakuja na mwenzake. Baada ya wiki mbili una darasa chini ya mwembe. Hakuna mzazi anayekuuliza wanao wamekula saa ngapi. Wengine walileta kopo la karanga, mmoja alileta mkaa nusu ndoo, Mungu ambariki. Wengi walileta mtoto tu.

Siku niliyoshtuka ilikuwa hivi. Nina ubao mdogo niliouegemeza kwenye shina la mwembe, watoto wa watu wamekaa kwenye magogo. Mwanangu akaja kutoka ndani, akasimama nyuma ya wenzake, akanyoosha mkono juu. Nikaendelea na hesabu. Mkono uko juu. Nikamaliza mstari, nikamwita. Akasema, "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Watoto wote wakacheka, naye akacheka, akijua amefanya vituko. Lakini alikuwa amebana miguu kwelikweli. Alikuwa amesubiri zamu.

Jumatatu iliyofuata nilitangaza bei: shilingi 500 kwa mtoto kwa siku, Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, na kengele ikilia kila mtu kwao. Kilichofuata mtu wa Tabora anaweza kukikisia. Niliambiwa nina roho ya korosho. Niliambiwa serikali imefuta ada tangu 2016, sasa mwalimu wa mtaani anazirudisha. Mama mmoja alinikumbusha, mbele ya watu bombani, kwamba elimu yangu ililipiwa na kodi za wananchi. Nilimjibu kwamba na yeye cherehani yake anaitumia kunishonea sare bure? Tukanuniana hadi mfungo ulipoanza, akaleta futari, yakaisha. Watoto walibaki wachache, na hao waliobaki walisoma kweli. Ningemshauri mwalimu yeyote aliye nyumbani: taja bei mapema, siku ile ile ya kwanza, wakati bado kila mtu anatabasamu. Kama huwezi kutaja bei, taja saa. Usipotaja kimojawapo utakuwa umeajiriwa upya na mtaa mzima bila cheki namba, ile namba ya mtumishi ya kulipiwa mshahara.

Jina la mwalimu halitoki, hilo nimelikubali. Mji huu Nyerere alisoma Tabora School, akarudi kufundisha St. Mary's mwaka 1946. Aliacha chaki mwaka 1955 na hakuna aliyemvua ualimu mpaka anaingia kaburini. Mimi ni nani nivuliwe kwa barua ya kurasa moja na nusu?

Ila jina hilo lina fimbo ndani yake. Nilikuwa Soko Kuu na mwanangu wa pili, wakati huo ana miaka mitatu. Aliona sambusa, nikasema tumetoka kula. Akalala chini. Alilala kabisa, mgongo kwenye maji ya nyanya zilizooza, akapiga kelele hadi wauza dagaa wakageuka. Kijana mmoja wa bodaboda akapaki, akanitazama, uso ukamfunguka. "Shikamoo mwalimu!" Nilimfundisha Sikonge, kumbe amehamia mjini. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akafanya ishara ya mkono, ule mchapo wa hewani tunaoujua sote. "Mwalimu, leo ile ya zamani iko wapi?" Soko likaangua kicheko.

Shuleni kiboko kina kanuni zake: visizidi vinne, mkuu wa shule ndiye mwenye idhini, na viandikwe kwenye kitabu. Kwamba kanuni hiyo inafuatwa vipi, kila aliyesoma shule zetu ana jibu lake. Sokoni hakuna kitabu, kuna watazamaji. Wanangoja waone mwalimu atafanya nini, na ukweli ni kwamba mwalimu hakuwa na la kufanya. Mbinu zangu zote zilikuwa za kundi. Darasani mtoto mmoja akichafuka, unawaimbisha wengine 99, yeye mwenyewe anaona aibu ya kubaki nyuma, anajiunga. Unampigisha mwenzake makofi ya kilo, naye anayataka. Sasa hapa kundi liko wapi? Nilichuchumaa pembeni yake kwenye yale maji ya nyanya, nikakaa kimya, nikiwa nimeshika mfuko wa bamia. Alichoka. Akanyamaza, akasema "nimelowa." Nikasema "naona." Tukaondoka. Nyuma yangu nikasikia mama mmoja akisema watoto wa walimu ndio hao hao wanaoharibikiwa.

Baba watoto naye alikuwa na wake. Si mtu mbaya, lakini miezi ya mwanzo alikuwa akirudi kazini anauliza, "Leo wamesoma nini?" kwa sauti ya mthibiti ubora wa shule aliyeshuka na gari la wilaya. Nusura nimwonyeshe andalio la somo. Nikamwambia leo mmoja amejifunza kufunga mlango wa choo na mwingine ametambua kuwa bata hataki kubebwa. Akacheka. Siku hizi anauliza kama nimekula.

Hapa lazima niseme kidogo kwa kiburi cha fani yangu. Sikuwafundisha wanangu kusoma mapema kwa sababu nimefundisha darasa la kwanza. Nimewapokea watoto waliotoka kwenye vituo vya kulelea wakiimba a-e-i-o-u kama kasuku, ukimwuliza neno "maji" linaanza na sauti gani anakuimbia tena a-e-i-o-u. Nimewapokea walioshikishwa penseli na miaka mitatu wakaikamata kwa ngumi, na kuibadilisha ngumi hiyo ni kazi ya muhula mzima. Kiswahili kinasomeka kama kinavyotamkwa. Mtoto ambaye sikio lake linasikia sauti na vidole vyake vina nguvu, silabi za ma-me-mi-mo-mu zinamwingia upesi tu zikifika wakati wake. Mtaala wa elimu ya awali wenyewe unataka mtoto ajifunze kwa michezo, na unazungumzia kona za ujifunzaji. Basi kwangu kona ni jikoni, na nyingine ni mchanga ulio nyuma ya choo cha kuku.

Kwa hiyo wanangu walimenya karanga, walichambua maharage wakitenga meusi na mekundu, walifinyanga ng'ombe kwa udongo wa kichuguu. Desemba maembe yanapozidi hapa Tabora hadi yanaliwa na mbuzi, kokwa zake zikikauka ni vihesabio bora kuliko visoda, hazikati vidole. Jioni tulitegeana vitendawili na kupiga makofi ya maneno: ka-ra-nga, matatu, si-ni-a, matatu, u-ji, mawili.

Siku moja nilikuwa natwanga kisamvu, mkubwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi. Akaacha alichokuwa anafanya. "Mama. Mbona *mama* na *maembe* yanaanza sawa?" Mchi ulibaki juu. Mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kukaa mwaka mzima akilitafuta hilo swali ndani ya vichwa 100. Nikajikaza, nikasema kama sijali, "Eh. Na nini kingine?" Akafikiri. "Maji." Ndiyo. "Maharage." Ndiyo. Akanitazama kwa jicho la utundu, nikajua linakuja. "Mavi!" Akaanguka chini kwa kicheko hadi kibao kikapinduka. Somo likaisha hapo, na sikuwa na haraka ya kuliongeza.

Lakini nani wa kumwonyesha jambo hilo? Mgeni mwenye kifuniko cha soda hawezi kulipima. Jirani ana mtoto kwenye shule ya inglishi midiamu, anataja rangi zote kwa Kiingereza na kuomba ruhusa ya kwenda msalani kama mtoto wa balozi, huyo anaonekana. Mama mkwe alikuja kukaa nasi mwezi mmoja, akaniambia kwa upole wake, "Mkwe wangu, mimi sikusoma, lakini nakuona unacheza nao sana." Sikumjibu kwa nadharia. Nilimwomba amtegee mjukuu kitendawili. Wakakesha.

Mkubwa aliingia darasa la kwanza Januari 2024, mwaka mtaala mpya ulipoanza. Mwalimu wake alinisikitikia mwanzoni, "mwenzangu mbona hukumwanzishia?" Kufika katikati ya mwaka alikuwa anasoma kama wenzake, si wa kwanza si wa mwisho. Hiyo haikumfurahisha mtu yeyote mtaani, maana walikuwa wakingoja ama maajabu ama aibu. Mtihani ukahamia kwa mdogo wake.

Naye ameanza awali mwaka huu. Kwenye kikao cha kwanza cha wazazi tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Ajenda ilikuwa uji: kila mzazi achangie mahindi na sukari. Halafu mwenyekiti akasema kamati inahitaji katibu, mtu mwenye mwandiko, na mtu mwenye nafasi. Vichwa vikaanza kunigeukia kimoja kimoja. Mama wa cherehani, yule yule, akanyoosha mkono kunipendekeza. "Mwalimu yupo tu nyumbani."

Nilisimama nikawashukuru. Nikasema Jumanne na Alhamisi nina wanafunzi, siku nyingine nina watoto, na katibu mzuri angekuwa yeye, maana daftari lake la wateja ninalijua, halina deni lililosahaulika. Watu wakacheka, akachaguliwa. Mimi nikaandikiwa debe moja la mahindi na kilo mbili za sukari kama wazazi wengine, nikapewa hadi Ijumaa.